Shangazi Hataki Kuimba

Kama una shati jeupe na unataka liendelee kuwa jeupe, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulifua mwenyewe mpaka mgongo ukuume. Ya pili ni ile ya Kalamu, katibu wa ushirika wa madobi, mwanamume wa miaka thelathini na minne ambaye kwa miaka sita hakuwahi kugusa povu kwa ajili ya nguo zake, na bado kola zake zilikuwa zikisimama zenyewe. Wenzake walimfulia, wakamtilia wanga, wakampigia pasi. Yeye akawalipa kwa uongo.

Usishtuke, ngoja nikueleze. Ushirika wenyewe ulikuwa banda moja refu, mabeseni upande wa uani, kamba za kuanikia katikati, na meza nne za pasi chini ya madirisha. Wanachama kumi na mmoja. Walifua mashuka ya nyumba za wageni, makoti ya madaktari, na mashati ya mabwana wasiojua hata kuloweka soksi. Waasisi wake walikuwa watu waliochoshwa na mabosi, wakakaa chini wakaandika katiba ya kurasa tatu: hapa hakuna bosi, hapa kila mtu huru, wengi wakiamua jambo limekwisha. Halafu wakaweka kifungu cha tisa. Mwanachama atakayechelewa, atakayekosa kazi, au atakayekataa jambo lililoamuliwa na wengi, ataandika sababu yake katika daftari ndani ya siku saba, na mwenyekiti atasaini. Asiyeandika atapelekwa mkutanoni, na wengi wakinyoosha mikono, uanachama wake umekwisha.

Kifungu kikali, ndiyo, lakini hakikuwahi kumng'ata mtu, kwa maana hakikusema kwamba sababu lazima iwe ya kweli. Miguu, yule wa kupeleka nguo kwa wateja, alimzika mama mkwe wake mara tatu katika daftari hilo. Mara zote tatu mwenyekiti alisaini, na mara ya tatu akaongeza pembeni, "Poleni tena." Mama Madoa, bingwa wa kutoa madoa ya wino na divai, aling'olewa meno mengi sana humo. Ukiyajumlisha, unapata thelathini na sita.

Na nyuma ya kila jino na kila jeneza alikuwepo Kalamu. Ukitaka kulala kesho, unamfuata leo kwenye kona yake kati ya rafu za sabuni. Anakuuliza mara ya mwisho uliumwa nini, anafikiri kidogo, anakupa sentensi iliyonyooka. Uongo wa kawaida, shati moja. Uongo wa msiba, shati na suruali.

Mwenyewe alikuwa na falsafa yake. "Uhuru," alipenda kusema huku akijikung'uta mabega, "ni kuwa na sababu nzuri mfukoni."

Basi, mwaka huo mwenyekiti akatunga wimbo. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, namtetea mapema. Alikuwa mpole, mnene kidogo, anayewauliza watu hali za watoto wao na kusubiri jibu. Lakini aliamini kwamba umoja ni nguvu, na kwamba nguvu hiyo ilikuwa inavuja mahali fulani. Miezi miwili akaandika na kufuta, mpaka zikatoka beti nane. Ubeti wa kwanza ulisema, "Doa likija, nasi twaja, sote wamoja, povu moja." Ubeti wa tano ulikuwa mrefu kiasi kwamba pumzi iliisha kabla ya maneno. Mkutano ukaupitisha: kila asubuhi kabla ya kazi, wote wasimame waimbe. Kura zilikuwa tisa. Miguu hakuwepo, alikuwa msibani.

Kura ya kumi na moja, ambayo haikunyooshwa wala hakuna aliyeigundua siku ile, ilikuwa ya Shangazi.

Shangazi alikuwa dada wa marehemu baba yake Kalamu. Alimchukua akiwa na miaka mitano, akamlea kwa pasi ile ile aliyokuwa akiisukuma mpaka leo, na Kalamu bado alikuwa akilala kwenye chumba chake cha pili. Kwa kuwa Kalamu alimwita Shangazi, banda zima likamwita Shangazi, hata wazee wenye mvi. Miaka ishirini na miwili alisimama kwenye meza ya dirisha la mwisho, na miaka yote hiyo aliimba. Alianza na koti la kwanza, akamaliza na foronya ya mwisho. Kwa hiyo siku ile ya wimbo mpya, watu walijipanga karibu naye makusudi, ili awabebe pale kwenye ubeti wa tano.

Wimbo ukaanza, Shangazi akasimama wima, mikono nyuma, uso mkunjufu, mdomo umefungwa kama sanduku. Beti zote nane. Zilipokwisha akaenda mezani, akawasha pasi, akaanza kuimba wimbo wake.

Siku ya pili vile vile. Kalamu akamfuata.

"Shikamoo, Shangazi. Mbona huimbi na sisi?"

"Marahaba. Sitaki."

"Sawa, hutaki. Lakini kwa sababu gani?"

"Sababu ndiyo hiyo, mwanangu. Sitaki. Nisogezee hayo maji."

Kalamu akacheka, akidhani maongezi ndiyo yanaanza. Akamwambia asijali, atamwandikia kitu kizuri, kifua kwa mfano, kifua kina heshima yake. Shangazi akanyunyiza maji kwenye koti la daktari, akalaza pasi, mvuke ukapanda.

"Usiniandikie kitu. Nikiandika kifua nitakuwa nimeruhusiwa kwa ajili ya kifua. Mimi sitaki ruhusa."

"Unataka nini?"

"Nataka kunyamaza dakika tano asubuhi. Nyie mnasema Miguu yuko huru, akitaka kulala anamzika mkwe wake. Mtu huru, jeneza la nini?"

Kalamu akasema tu kwamba siku ziko saba. Moyoni aliona mambo yatajipanga yenyewe. Wanawake wa umri ule, alijiambia, huwa na siku zao za ukaidi, halafu zinapita. Yaani mtu umelelewa na mtu miaka yote hiyo na bado humjui.

Siku ya nne mwenyekiti alikuja mwenyewe na daftari, limefunguliwa, kalamu juu yake.

"Shangazi, andika 'koo'. Neno moja. Nasaini hapa hapa, hata silisomi."

"Koo langu zima, Mwenyekiti."

"Najua ni zima, nalisikia kutwa." Akashusha sauti. "Ni wimbo wenyewe? Ni mbaya?"

"Si mbaya sana."

"Ni ubeti wa tano?"

"Ubeti wa tano ungeupunguza kidogo. Lakini siyo huo."

Mwenyekiti akajifuta shingo kwa leso. Masikini, alikuwa ameumia, na aliyeumia huanza kuzungumza habari za sheria. "Fikiria basi. Kila mtu hapa akisema sitaki, nani atafua?"

"Kufua nilikubali," akasema Shangazi. "Siku nisipopiga pasi, njoo uniulize kwa nini, tena uniulize kwa ukali, maana kuna mgonjwa atatibiwa na daktari aliyevaa koti lenye mikunjo. Lakini nisipoimba, nani analala bila shuka?"

Mwenyekiti alisimama pale kitambo akitafuta huyo mtu anayelala bila shuka. Hakumpata. Akasema sheria ni sheria na Ijumaa ya mkutano ni Ijumaa, akaondoka shingo upande, daftari kwapani.

Hapo ndipo Kalamu alipoanza kuogopa. Alipiga hesabu ya mikono. Wanne walikuwa wanamfuata mwenyekiti hata akielekea shimoni. Wawili walikuwa na choyo na lile dirisha la mwisho, lenye upepo. Wakitimia sita, basi. Akamwona Shangazi akilini, saa nne asubuhi, amekaa nyumbani kwenye kiti, mikono mitupu mapajani, na redio ikimwimbia. Picha hiyo ilimtisha kuliko alivyotarajia. Alimpenda yule mama, na kwa kuwa alimpenda, akafanya upumbavu.

Alhamisi mchana, watu walipokuwa uani wanakula, Kalamu alilichukua daftari, akakaa kati ya rafu za sabuni, akaandika. Alipanga kuandika mstari mmoja tu. Lakini fundi akishashika kazi aipendayo, ni nani wa kumwambia imetosha? Akaanza na kifua, akakifuta, hakikuwa na hadhi ya Shangazi. Akaandika hivi:

"Siku moja kabla mama yangu mzazi hajafariki, nilimshika mkono nikamwahidi kwamba sauti yangu, ambayo yeye ndiye aliyenifundisha kuitumia, sitaichanganya tena na sauti za wengi, mpaka siku tutakapokutana. Kila nikifungua mdomo asubuhi namwona kitandani pale, ananitazama. Naomba wenzangu mnisamehe, na mnivumilie."

Aliposoma mwenyewe, chozi likamtoka. Kisha akaiga saini ya Shangazi, ile yenye mkia mrefu, akalirudisha daftari mahali pake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kalamu ilikuwa na urefu wa saa ishirini na sita.

Ijumaa saa tisa, mkutano. Watu walikaa juu ya mabeseni yaliyopinduliwa. Mwenyekiti alifungua daftari kwa uso wa mtu anayekwenda kuchinja kuku aliyempa jina, akapitisha jicho, akasimama ghafla. Uso wote ukamfunguka.

"Ndugu zangu, sababu ipo. Nawasomea."

Akasoma. Kufika kwenye kushikana mikono, sauti ikaanza kukwama. Kufika kitandani, ikakatika kabisa, akamalizia kwa kunong'ona. Mama Madoa alijifunika uso kwa foronya safi ya mteja. Miguu alilia kwa kwikwi, akalia kuliko misiba yake yote mitatu. Wale wawili wa dirishani waliangalia chini kwa aibu.

"Mama, tusamehe," akasema mwenyekiti, machozi yakimtiririka mashavuni. "Hatukujua. Wimbo huu kuanzia kesho haupo tena. Na sasa naomba tusimame dakika moja, tumkumbuke marehemu."

Wakasimama. Shangazi naye akasimama, maana ni mama yake, angekaaje? Lakini dakika ile yote hakuinamisha kichwa. Alimkazia macho Kalamu, kutoka sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho, na Kalamu akajifunza siku ile kwamba dakika ni kitu kirefu mno.

Sasa angalia hapo alipofika Shangazi. Dirisha lake lipo. Wimbo umekufa. Wabaya wake wameona haya. Alichotakiwa kufanya ni kukaa tu juu ya beseni lake. Wengine wote wakakaa, yeye akabaki amesimama.

"Asanteni kwa kumkumbuka mama," akasema. "Amefariki miaka kumi na tisa iliyopita na hakuniapisha chochote. Aliniachia sufuria mbili na ugomvi na jirani. Na kuimba na watu alikupenda kuliko chakula. Hayo yaliyoandikwa humo si yangu."

Mwenyekiti akaliinamia tena daftari.

"Nani kaandika?" akauliza mwenyekiti.

Nyuso zote ziligeuka taratibu kulielekea shati jeupe kuliko yote.

Kalamu akainuka. "Mimi."

"Kwa nini?"

Jamani, mtu aliyewahi kumtetea Miguu kwa msiba wa mtu aliye hai, aliyempa Mama Madoa meno ya ziada, alisimama pale mdomo wazi na hakikutoka kitu. Alikuwa na majibu kumi na manne, na yote yalimnukia vibaya kabla hajayasema. Mwishowe akasema, "Niliogopa mtamfukuza," akakaa.

Mwenyekiti alijifuta mashavu kwa hasira. "Nimelia mimi. Mbele za watu. Kwa ajili ya kitu kisichokuwepo." Akapiga daftari kwenye goti. "Kifungu cha tisa. Tunapiga kura. Shangazi, una neno la mwisho?"

"Ninalo, fupi. Siku naingia hapa, wewe ulikuwa kwenye beseni lile pale, bado una nywele. Mliniuliza, unataka kujiunga nasi? Nikasema, nataka. Mkapiga makofi. Hakuna aliyeniuliza nataka kwa sababu gani. Nataka yangu iliwatosha. Sasa mimi ni yule yule, mdomo ni ule ule, nasema sitaki, haitoshi. Ndilo ninalouliza. Mkiona haitoshi, nyoosheni mikono, nitakwenda, na sitawachukia."

Akakaa. Kalamu alitazama sakafu.

"Anayetaka Shangazi aondoke," akasema mwenyekiti, "anyooshe mkono."

Mmoja wa wale wawili wa dirishani akajikuna sikio, kisha akauficha mkono haraka usije ukahesabiwa. Halafu, polepole, ukapanda mkono wa Mama Madoa.

"Mmoja," akasema mwenyekiti, na ukimsikiliza vizuri hakufurahi.

"Hapana, mimi nauliza swali. Kwani na mimi ningeweza kusema tu sitaki? Siku zote hizi?" Akafungua mdomo wote, akauonyesha kwa kidole. "Meno yangu yote yapo. Hesabuni."

"Mkwe wangu mzima," akasema Miguu ghafla, kama mtu aliyetua mzigo. "Yuko kwangu sasa hivi, anakula."

Mwenyekiti alimgeukia. "Yule niliyemwandikia poleni tena?"

"Ndiye huyo huyo. Nilimsomea. Anakushukuru."

Aliyeanza kucheka simjui, ila baada ya hapo hakuna aliyejizuia. Mmoja hakuwahi kuwa na pumu. Mwingine yale mafuriko ya nyumbani kwake yalikuwa ndoo moja iliyomwagika. Walikiri kwa furaha mbaya, wanashindana, mpaka yule mzee wa kuchemsha maji akaungama kwamba hana kaka, na kaka huyo alikuwa amefungwa jela humo daftarini miaka miwili. Ni mwenyekiti peke yake aliyekuwa hacheki.

"Kwa hiyo," akasema kwa sauti ndogo, "wimbo wangu hakuna anayeutaka."

Kicheko kikazimika, kila mtu akaona haya.

"Mimi nautaka," akasema mzee wa maji. "Hasa ule wa tano. Nikiufikisha mwisho najiona kijana."

"Na mimi," akasema mwingine. Mama Madoa akasema anautaka Jumatatu na Jumatano. Ikafika mikono mitano, ukiuweka na wa mwenyekiti.

"Basi waimbe wanaotaka," akasema Shangazi. "Mimi nitasimama nisikilize. Kusikiliza nataka."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Na nitakuambia kitu: Jumatatu yake walipoimba wale watano, ulikuwa wimbo mwingine kabisa, hata ubeti wa tano ulifika mwisho. Lakini hayo yalikuwa ya Jumatatu, na Kalamu alikuwa bado hajaimaliza Ijumaa.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Shangazi hakusema neno. Kalamu alisema yote. Alisema alitaka kusaidia, akasema hakulala siku tatu, akasema angemuuliza ila alijua atakataa. Hilo la mwisho alitamani kulirudisha mdomoni alipolisikia.

Nyumbani Shangazi akachemsha chai, akamimina vikombe viwili, akakaa mbele yake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wale hawanijui," akasema. "Wakiniwekea maneno mdomoni, sishangai. Wewe nimekulea. Ulinisikia nikisema sitaki kuandikiwa, ukaniandikia. Ukasaini jina langu. Na mama yangu ukamfufua, aje aniombee ruhusa kwa mwenyekiti." Akazungusha kikombe chake. "Ulinionea huruma kabla hujaniheshimu. Imeniuma, Kalamu."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe."

Kalamu akapumua kwa mara ya kwanza tangu saa tisa. Akashika kikombe chake.

"Na mwisho wa mwezi utafute chumba chako," akasema Shangazi. "Hicho nakitaka mimi."

Kikombe kikabaki hewani. Miaka ishirini na tisa amelala kwenye chumba kile. Ufa wa ukutani anaujua, mlango unavyolia anaujua, na alitegemea kufia humo kwa uzee. Akafungua mdomo. Swali lilikuwa limeshafika kwenye meno, maneno mawili tu, na Shangazi akainua macho kutoka kwenye chai, akamtazama, akangoja alisikie. Hakukunja uso. Pembeni mwa mdomo wake palikuwa na kitu kinachokaribia tabasamu.

Kalamu akaufunga mdomo, hakuuliza.

"Sawa, Shangazi," akasema.

"Umeona?" Akamsogezea bakuli la sukari. "Haiui."

Haikumuua. Ilimuuma tu, tena sana, na Kalamu akatia vijiko vitatu, akakoroga, akanywa.